Kikongwe na Bibi Harusi

4 Machi

Kwa Baba Mkubwa,

Shikamoo. Natumaini wewe na Mama Mkubwa hamjambo. Mimi mzima, ila vidole vimejaa gundi na kucha zangu hazitamaniki.

Sanduku linalokuja na barua hii lifungue taratibu, tena mezani, si sakafuni. Ndani kuna gitaa. Si la mteja, ni lako. Nimelitengeneza mwenyewe mwanzo hadi mwisho, na Bosi hakugusa hata skrubu moja. Miaka sita nimekuwa nikipiga msasa magitaa ya wenzangu katika karakana hii. Hili ndilo la kwanza lenye jina langu kwa ndani; chungulia kwenye tundu la kushoto utaliona.

Nimelifanya la aina ile ile ya Kikongwe, gitaa lako la zamani: la umeme, tumbo wazi kulia na kushoto, gogo la mti limepita katikati, matundu mawili kifuani. Kikongwe namheshimu, lakini ana umri kunizidi, shingo imeanza kupinda na funguo za nyuzi zinateleza. Mwezi wa nane bendi yenu inatimiza miaka arobaini, na najua Kiongozi anataka usimame mbele upige solo kama zamani. Nataka usimame na gitaa lisilokuangusha.

Ombi langu ni moja. Yaweke hayo mawili pamoja, uyalinganishe, uniambie ukweli. Tangu nianze ufundi nimekuwa nikikutumia kaseti za magitaa yanayopita mikononi mwangu, na wewe unaniambia hapa pamekaza, hapa pamelegea, na hujawahi kukosea. Bosi ana vipimo vya kila aina ukutani. Mimi kipimo changu ni sikio lako, na bila neno lako sitajua kama nimekuwa fundi au bado napiga msasa tu.

Mwanao,
Fundi


19 Machi

Binti yangu Fundi,

Marahaba, mama. Sanduku limefika bila mkwaruzo. Nilipolifungua, Mama yako Mkubwa alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akauliza, "Na huyu mke mwenza atalala wapi?" Nikamwambia huyu ni bibi harusi, apewe heshima yake. Basi jina limeshika. Bibi Harusi yuko kitini, Kikongwe ananing'inia ukutani anamtazama kwa jicho la pembeni.

Nimempakata asubuhi nzima. Wewe mtoto una mikono! Shingo ya Kikongwe ni nene kama mpini wa jembe, na kila nikimaliza kupiga dole gumba linalalamika mpaka kesho yake. Ya Bibi Harusi ni nyembamba, mkono unakimbia wenyewe, na vyuma vya shingoni umevisugua mpaka kidole hakijui kimevuka wapi. Tena hainamishi kichwa. Kikongwe ukimwachia mkono wa kushoto anapiga mbizi, miaka yote nimepiga huku namshikilia kama mlevi anayerudishwa nyumbani.

Pale mkono wa kulia unapolala, Kikongwe rangi imekwisha, umebaki mti mtupu, laini, una joto. Bibi Harusi bado anateleza kama kiatu kipya cha shule. Hilo si kosa lako, hilo ni kazi yangu na jasho langu, nipe miaka thelathini.

Ama kuhusu sauti, usiniharakishe. Gitaa jipya ni mgeni, siku ya kwanza anajibu salamu tu.

Wako,
Baba Mkubwa, mpiga solo


2 Aprili

Kwa Baba Mkubwa,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mpaka imechakaa. Lakini wewe ni mjanja: kurasa tatu za shingo na jasho, sauti mistari miwili! Kipya kinyemi, najua, ila mimi nataka ukweli wa sikio.

Basi nimekurahisishia kazi. Wiki iliyopita limeletwa hapa gitaa la zamani kurekebishwa, ndugu yake Kikongwe kabisa, wa miaka ile ile. Na Bibi Harusi ana pacha: mbao zilitosha mawili, huyu wa pili yuko hapa mezani kwangu. Nimepiga wimbo mmoja kwa magitaa yote mawili, kasi ile ile, bila kugeuza kitufe hata kimoja. Mashine za mbao zilikuwa zinanguruma, kwa hiyo nimeunganisha gitaa kwa waya moja kwa moja kwenye rekoda.

Kaseti ndiyo hii. Upande wa kwanza ni la zamani, upande wa pili ni langu. Sikiliza kwa nafasi yako, halafu uniambie bila kunihurumia. Nakimbilia posta kabla hawajafunga.

Mwanao,
Fundi


20 Aprili

Binti yangu Fundi,

Marahaba. Kaseti nimeisikiliza siku tatu mfululizo, na leo nina la kusema.

Upande wa kwanza, la zamani, nimemtambua mara moja. Nyuzi nene zinaguna kama mtu anayesafisha koo kabla ya kusema jambo la maana. Sauti ina vumbi kidogo, ina umri, na ukiipiga kwa nguvu inajikunja mwishoni. Huo ni uzee mzuri, hautengenezwi.

Lakini upande wa pili, mwanangu! Nimekosa maneno, na unajua mimi maneno hayaniishii. Sauti ni safi mno. Kila uzi unasimama peke yake hata ukipiga yote sita kwa pamoja. Haina mkwaruzo, haina kelele, inaingia taratibu kama mtu mwenye adabu. Ulipofika mzunguko wa tatu ukapanda juu, ilibidi nisimame. Nimewasikia wapiga gitaa wengi maishani, na magitaa ya bei za kutisha, lakini utulivu wa namna ile sijawahi kuusikia. Sina kosa hata moja la kukutajia.

Nimemwambia Kiongozi kwamba mwezi wa nane napanda na Bibi Harusi.

Wako anayejivuna kwa ajili yako,
Baba Mkubwa


1 Mei

Kwa Baba Mkubwa,

Shikamoo.

Barua yako niliinakili kwa herufi kubwa nikaibandika juu ya benchi langu. Wenzangu wote waliisoma. Bosi naye aliisoma, akasema anataka kusikia huo mzunguko wa tatu uliomsimamisha mzee. Nikatoa nakala yangu ya kaseti, tukakaa watu watano kuisikiliza.

Upande wa pili hauna kitu. Ni mchakacho wa kaseti mwanzo hadi mwisho. Kwa ile haraka yangu waya haukuingia vizuri kwenye gitaa, na kwa kelele za mashine sikujua. Nilipiga dakika kumi na moja, rekoda haikunasa hata noti moja.

Ulisimama kwa sababu gani, Baba Mkubwa? Kama hukuwa na nafasi ya kusikiliza ungesema. Kama gitaa hukulipenda ungesema, mimi si mtoto wa kubembelezwa. Miaka yote hii nilidhani kuna mtu mmoja duniani asiyenitilia chumvi, na mtu huyo amenivika kilemba cha ukoka mbele ya karakana nzima. Sasa sijui hata zile kaseti za zamani ulizisikiliza au la. Karatasi nimeibandua ukutani.

Kama Bibi Harusi anakuchosha, mrudishe. Nitamtafutia anayemtaka.

Fundi


14 Mei

Mwanangu,

Leo ni mimi Mama yako Mkubwa. Naandika huku mzee ameenda kunyoa.

Barua yako aliisoma mara mbili, akaikunja, akaiweka mfukoni. Kisha akamshusha Kikongwe ukutani, akamtoa Bibi Harusi kitini, akawafungia wote wawili kabatini. Jana Kiongozi alipokuja kupanga mazoezi, aliambiwa hapo hapo barazani atafute mpiga solo mwingine. Kiongozi wa watu aliondoka bila kumaliza chai.

Usimhukumu. Ile kaseti aliisikiliza kweli. Alikuwa ameikumbatia redio, sauti ameifungua mpaka mwisho, na upande wa kwanza jirani alikuja kuuliza tuna sherehe gani. Halafu akageuza upande wa pili. Nyumba ikawa kimya, mimi jikoni nasikia maji yakichemka, na yeye anatikisa kichwa kama mtu anayeelewa. Niliweka sufuria chini nikamwangalia, na niliumia, mwanangu, sikufichi.

Masikio yake yamekufa. La kulia mwaka wa tatu huu, la kushoto linafuata. Anadhani sijui. Nimeishi naye miaka thelathini na minane! Nikimwambia chai tayari ananijibu "Alhamisi." Nimefunika kombe kwa sababu naijua aibu yake: gitaa ndilo linalomfanya aoge na kuvaa shati la mikono mirefu kila Jumamosi. Likifungiwa kabatini, naye amefungiwa humo humo.

Usimwambie nimekuambia.

Mama Mkubwa


17 Mei

Binti yangu Fundi,

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu imeishia mlangoni kwako. Hujakosea kukasirika.

Sisikii. Imeanza polepole, sahani za mpiga ngoma zikapotea kwanza, kisha ndege, kisha watu. Kaseti zako za zamani nilizisikiliza zote, za kwanza kwa masikio mawili mazima, za baadaye kwa moja lililobaki, hilo niamini. Hii ya mwisho niliisikiliza kwa viganja. Niliweka mkono kwenye spika ya redio. Upande wa kwanza ilitetemeka, nikapata kitu cha kushika. Upande wa pili ikatulia tuli, nikadhani huo ndio ubora wa kisasa! Unaweza kucheka, mimi mwenyewe nimecheka, ingawa si siku ile.

Nilikudanganya kwa sababu ulisema kipimo chako ni sikio langu. Nikiwa sina sikio, mimi kwako ni nani?

Sasa pokea ukweli ulioomba. Mwaka jana kwenye harusi moja Kikongwe alianza kupiga mluzi kwenye spika. Unajua tabia ya magitaa ya zamani, tumbo lake jepesi linaidaka sauti ya spika na kuirudisha. Watu waliziba masikio. Mimi nikatabasamu, nikadhani wanashika vichwa kwa raha, nikaongeza sauti. Kiongozi alikuja kuchomoa waya mwenyewe. Tangu siku hiyo namwogopa Kikongwe mbele za watu, maana siwezi kujua anapokosa adabu.

Lakini nyumbani, Kikongwe ndiye ninayemsikia. Nikimpakata, uzi mnene unaingia kwenye ubavu wa mwisho chini, uzi wa nne unapanda karibu na moyo, nyuzi nyembamba zinanichoma kwenye mfupa wa mkono. Nikiinamisha kidevu juu ya bega lake napata wimbo mzima mpaka kwenye meno. Bibi Harusi ni mrembo, shingo yake haina mfano, na hapigi mluzi: nilimsogeza mdomoni mwa spika, Mama yako Mkubwa hakuziba masikio. Ila kwangu ni bubu. Napiga, vidole vinaona raha, mbavu hazipati habari. Mgongo wake umekaza, kama mtu aliyezuia pumzi.

Kwa hiyo mmoja nasema naye chumbani siwezi kutoka naye, mwingine natoka naye hatusemi. Nimemwambia Kiongozi nimeacha. Wewe tafuta sikio jingine, zima.

Nisamehe,
Baba Mkubwa


30 Mei

Kwa Baba Mkubwa,

Shikamoo, tena shikamoo. Ni mimi wa kuomba msamaha. Nilikuandikia maneno ambayo nisingeweza kukuambia ana kwa ana, na nimelia kwenye vumbi la mbao mpaka Bosi akaniletea barakoa akidhani ni mafua.

Kisha nikamsomea Bosi ile sehemu ya mbavu. Sehemu hiyo tu, mengine ni yetu. Alivua miwani akasema, "Huyu mzee amelipima gogo bila kulifungua gitaa." Kwa sababu ndivyo ilivyo, Baba Mkubwa. Niliogopa mluzi kuliko kitu chochote, nikaweka gogo zito toka shingoni mpaka mkiani, nikaligandisha juu na chini, na mgongo nikauacha mnene. Vipimo vyote vya ukutani vilisema safi. Watu wanne hapa walilipiga wakalisifu. Hakuna aliyeniambia limezuia pumzi. Ni wewe.

Mrudishe Bibi Harusi, lakini si kwa yale niliyoyasema. Nitamfungua mgongo. Gogo nitalichonga liguse pale tu chini ya kidaraja cha nyuzi, kwingine libaki na nafasi. Mgongo nitaupunguza unene upande unaolala kwenye mbavu zako. Mluzi nitaupigania hapo katikati. Naomba ujichoree picha ya kifua chako kwenye karatasi, uniwekee alama kila uzi wa Kikongwe unapoingilia. Nitafanya kazi kwa karatasi hiyo.

Na tafadhali mwambie Kiongozi ukweli. Huenda anadhani umemchoka yeye.

Sitafuti sikio jingine.

Mwanao,
Fundi


21 Julai

Binti yangu Fundi,

Marahaba. Bibi Harusi amerudi jana. Mama yako Mkubwa alinikuta nimekaa naye kitandani, mlango wazi, shati nimevua, akasema sasa mambo yamezidi.

Anaongea, mwanangu. Si kama Kikongwe. Kikongwe huguna, akisema neno moja linabaki kifuani kama moshi, na mengine yanagongana humo. Huyu wako anasema neno, linafika, linatoka, linapisha jingine. Uzi wa nne umeupeleka kidole kimoja juu ya ile alama niliyochora, na hapo ulipoupeleka ni pazuri zaidi. Nilikaa naye mpaka chakula kikapoa.

Makosa yapo. Chuma cha saba kimeinuka unene wa karatasi upande wa uzi wa tatu, nimekihisi kwa kidole. Na kiuno cha kulia kina kitu kinachotikisika, sijui ni skrubu au waya. Wakati mwingine kaza kila kitu kabla ya kufunga mgongo.

Kiongozi nimemwambia. Alivuta kiti karibu, akaniandikia kwenye pakiti ya nyuzi: "Mpiga besi atasimama kushoto kwako. Akikanyaga ubao mara moja, tunageukia mzunguko mwingine. Mara mbili, tunamaliza." Halafu akataka chai yake ya siku ile.

Baba Mkubwa, mpiga solo


11 Agosti

Mwanangu,

Mzee bado amelala, na leo amestahili. Nakuandikia kabla hajaamka.

Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Alivaa shati jeupe, akapanda na Bibi Harusi wako, na kutoka wimbo wa kwanza nilijua tuko salama. Mpiga besi anakanyaga, mzee anageuka nao, huwezi kudhani. Bibi Harusi hakupiga mluzi hata mara moja. Jirani yangu mezani aliniuliza gitaa lile limetoka ng'ambo gani, nikamwambia limetoka kwa mtoto wetu.

Sasa nakuambia siri. Wimbo wa mwisho, mpiga besi alikanyaga mara mbili, bendi nzima ikakata. Mzee hakukata. Alikuwa amefumba macho, akaendelea peke yake. Mpiga besi aliinua mguu akanyage tena, Kiongozi akamshika bega. Tukabaki hivyo, watu wamesimama na glasi mkononi, hakuna aliyekohoa. Alipiga mizunguko mitano. Mimi nimemsikia mume wangu akipiga gitaa maisha yangu yote, lakini jana sikumjua, alipiga kama mtu anayemsimulia mwenzake mambo yasiyomhusu mtu mwingine. Alipofumbua macho tukapiga makofi, naye akawanyooshea mkono wenzake, maskini, akidhani wamemaliza naye.

Tumekubaliana wote, hakuna wa kumwambia. Nawe ukimwandikia, sema umesikia bendi ilimaliza pamoja.

Mama Mkubwa


11 Agosti

Binti yangu Fundi,

Nimeamka mchana, mwili unauma, moyo mweupe. Nina deni la neno moja kwako, nalilipa leo. Gitaa lako ni bora kuliko Kikongwe. Sentensi hiyo nimeifuta mara mbili kwa heshima ya mzee aliye ukutani, lakini ndiyo kweli, na sasa huwezi kusema sikulisikia. Umekuwa fundi, binti yangu.

Nikuambie jambo la jana. Jukwaa la ukumbi ule ni la mbao, na ngoma na besi zinanipanda miguuni mpaka magotini, kwa hiyo niko na wenzangu muda wote. Wimbo wa mwisho mpiga besi alikanyaga mara mbili, nikamsikia vizuri sana. Kisha mbao zikatulia chini yangu. Nikajua wamekata.

Ilinipasa nikate nao. Lakini Bibi Harusi alikuwa bado anaongea, na kwa mara ya kwanza hapakuwa na ngoma wala besi ya kumwingilia, alikuwa yeye tu na mbavu zangu. Nikafumba macho nisimwone Kiongozi akiniashiria, nikaendelea. Sijui watu walisikia nini. Mimi nilisikia kila noti.

Asubuhi hii Mama yako Mkubwa ameniletea chai kitandani. Ameniandikia kwenye daftari kwamba bendi ilimaliza pamoja, vizuri kabisa, kisha akageukia dirishani akijifanya anapanga pazia. Nikamwambia ni kweli, tulimaliza pamoja. Basi usimwambie kitu, amefurahi sana.

Baba Mkubwa, mpiga solo